Damu ya Mwaka wa Pili

Vijana wangu wa maabara, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno mengi mazuri ambayo mengine hayakunihusu. Mkanipa na daftari, mkasema, "Mama Zuhura, andika humo." Kitenge nimeshakishona. Saa imeshasimama. Limebaki daftari, na kwa kuwa siku hizi hakuna anayenigongea mlango akitaka majibu ya malaria, nimekaa kuandika.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alistahili akakosa. Hayo yamo kwenye mafaili, na panya wa stoo wameyasoma kuliko mtu yeyote. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya nikiwa mkongwe, wakati hakuna aliyetarajia nikosee, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilifika Kilwa Masoko na sanduku la bati, na cheti nilichokuwa nimekikunja mara nne nikakificha kwenye soksi kisiibiwe. Sijui nani angeiba cheti cha maabara. Chumba chenyewe kilikuwa na darubini moja, iliyopata mwanga kwa kioo kilichoelekezwa dirishani. Wingu likipita, kazi inasimama. Mkuu wa chumba alikuwa Bwana Mchopa, Mmwera mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Hakuuliza cheti. Alikaa kwenye stuli, akakunja mkono wa shati, akaniambia, "Nitoe damu."

Nilimtoboa mara tatu. Hakukunja uso. Damu ilipoingia hatimaye, akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Umeivuta kwa hasira. Chembe ukiziburuta hivi zinapasuka, zinamwaga mambo yao yote, halafu unapima fujo yako mwenyewe unamwandikia mgonjwa. Rudia." Akanipa mkono wa pili.

Kwa Bwana Mchopa nilijifunza kuzungusha damu kwa mashine ya mkono, ile ya mpini kama ya kusagia nyama, na nikapata msuli wa bega la kulia ambao ninao mpaka leo. Nilijifunza pia kanuni yake ya mapokezi: uso, jina, kadi. Kwa mpangilio huo. "Kadi haiumwi," alikuwa akisema. "Anayeumwa ana uso." Na nilirithi tabia yake moja ambayo wenzangu waliiona ya kizee. Kila akimaliza kipimo, tone lililobaki hakulimwaga. Alilitia kwenye kigae cheupe, nusu akaichanganya na dawa ya buluu, nusu na dawa ya njano, akaangalia wapi damu inagandamana, akaandika kundi la mtu huyo daftarini. Nilipomuuliza ya nini, na hakuna aliyeagiza, alinijibu kwamba mtu anaweza kubadilisha mke, chama na hata jina, lakini kundi la damu atazikwa nalo. Mungu amrehemu.

Miaka ikaenda kwa malaria, minyoo na kifua kikuu. Watu wa Kilwa waliniita nesi. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha, "Mimi ni wa maabara." Wananijibu, "Haya, nesi wa maabara." Nikaacha.

Kazi iliyonifanya nijulikane zaidi ilikuwa ya kutafuta damu ya akiba. Mama akimwaga damu wakati wa kujifungua, tukamtilia iliyokuwepo kwenye friji, mimi ndiye niliyesimama mlangoni mwa wodi na kupaza sauti: "Ndugu wa mgonjwa mko wapi? Njooni mmtolee damu mgonjwa wenu!" Wanakuja mashemeji, wajomba, watoto wa mama mkubwa. Huku kwetu mgonjwa hatoi damu, anatolewa na ndugu zake. Nililisema hilo mlangoni pale mpaka watoto waliozaliwa siku zile wakawa watu wazima, wakaja kuwatolea wengine.

Nilikuwa nimebakiza miaka michache ya kustaafu alipokuja Dakta Rehema kutoka Dar es Salaam, bingwa wa mishipa ya fahamu, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mama," akasema. "Natafuta watu wanaotetemeka."

"Marahaba. Hapa wapo wengi, hasa mkaguzi akija."

Alicheka, ndiyo maana tulipatana. Yeye aliwataka wale ambao mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, hatua zinafupika, uso unakauka kama umevaa barakoa, mwandiko unakuwa mdogo mdogo. Ugonjwa wa Parkinson. Wazee wetu kadhaa walikuwa nao bila kuujua kwa jina. Huyu aliambiwa ni uzee, yule aliambiwa amechezewa na jirani, na jirani akanuniwa bure.

Alinieleza utafiti wake kwa kuchora nyuma ya karatasi ya majibu. Ndani ya mishipa ya fahamu, alisema, kuna nyuzi nyembamba za protini zinazoishikilia. Mishipa ikichakaa, nyuzi zinakatika, na vipande vyake vinavuja mpaka kwenye damu. Vikiwa vingi leo, kuna uwezekano mkubwa ugonjwa utakwenda mbio kesho. Vikiwa vichache, mtu huenda akatembea mwenyewe kwa miaka mingi. Wangechukua damu ya watu wale wale kila mwaka, wawafuatilie, waone damu imebashiri nini na mwili umefanya nini.

"Kubashiri, mama, siyo kuapa," alisisitiza. "Kwa watu wengi kwa pamoja tunaiona njia. Kwa mtu mmoja bado kuna ukungu."

Nilikuwa nimeitazama damu kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilijua kwamba inasema ya leo: vijidudu vipo, wekundu umepungua. Sikujua kama inabeba habari za mwaka ambao haujafika. Ubongo umekaa juu kule, umefungiwa ndani ya mfupa, kumbe habari zake zinapita kwenye kiwiko, pale pale nilipokuwa nachoma sindano kila asubuhi nikiwaza bei ya samaki. Subhanallah. Nilitoka nje nikasimama kidogo, nikijifanya natupa takataka.

Utaratibu wake ulikuwa mkali, na mimi napenda utaratibu mkali. Tyubu ya kifuniko cha zambarau, unaipindua polepole mara nane, unaiweka kwenye barafu, unaizungusha kwenye mashine, ya umeme siku hizi. Chembe nyekundu zinakaa chini, juu yanabaki maji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Hayo unayanyonya, unayagawa kwenye vichupa, unavigandisha kwenye friza yenye baridi ambayo ukiigusa kwa kidole kibichi, inabaki na ngozi yako. Maji yakitoka na rangi ya juisi ya rozela, ujue chembe zimepasuka na sampuli ni ya kutupa, kwa sababu protini nyingine waliyokuwa wanaitafuta imejaa tele ndani ya chembe nyekundu. "Ukizipasua, mama, utakuwa unapima fujo yako," alisema Dakta Rehema. Nilitamani Bwana Mchopa angekuwepo asikie bingwa akirudia maneno yake.

Nilimwomba ruhusa ya kupima kundi la damu kwa chembe zinazobaki chini, niliandike kwenye daftari langu. Alinitazama kama mtu anayetazama simu ya kuzungusha. Lakini akaruhusu.

Mmoja wa waliokuja mwaka wa kwanza alikuwa Mzee Saidi Mbonde wa Miteja, mkwezi wa minazi. Tangu ujana wake ndiye aliyekuwa akiangusha nazi na madafu ya nusu ya kijiji. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa unahesabu tasbihi isiyokuwepo, kidole gumba juu ya cha shahada, bila kukoma. Dakta alimwanzishia vidonge na kumkataza kukwea.

"Nesi," aliniambia nikimfunga mpira mkononi, "hii damu itaniambia nitashuka lini mnazini moja kwa moja?"

"Dakta ameshakwambia ushuke leo, mzee."

"Dakta ni mtoto. Mimi naiuliza damu."

Nilimweleza kwamba majibu hayo ni ya utafiti, hayarudi kwa mtu mmoja mmoja. Alinisikiliza kwa ule uso wake usioonyesha kitu. "Haya," akasema. "Lakini mimi bila mnazi ni nani? Nikikaa chini watu watanipita kama wanavyopita kisiki." Nilimpa pamba abonyeze, na mkono wake ukaiangusha.

Kipimo chake kilirudi kikiwa juu. Nililijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyetunza orodha ya majina na namba, na nililifungia kabatini pamoja na orodha.

Mwaka wa pili, ili kuwapunguzia wagonjwa safari, tuliazima chumba Somanga, kando ya barabara kuu. Nje mabasi yanasimama, wauza samaki wa kukaanga na korosho wanakimbilia madirishani, kelele moja kwa moja. Ndani nina foleni mpaka mlangoni na barafu inayeyuka. Mtu mmoja wa makamo, ana kofia na ndevu fupi, akaweka kadi ya Saidi Mbonde mezani na kunyoosha mkono. Nikasoma namba, nikailinganisha na orodha, nikaiandika kwenye tyubu. Mshipa ulikuwa mnene, mzuri. Na mkono, jamani, ulikuwa umetulia kabisa juu ya meza.

"Mashaallah," nikasema, nimeinamia sindano. "Vidonge vimekukubali."

"Inshallah tutapona, dada," akanijibu.

Furaha yangu ilikuwa kubwa. Uso wake sikuutazama vizuri. Sisi watu wa maabara tunawajua watu kwa viwiko vyao, na huo ndio ugonjwa wa kazi yetu. Nilikuwa nimemwona Mzee Saidi mara moja tu, mwaka mzima uliopita, na nilichokuwa natamani kukiona kilikuwa mbele yangu kimetulia. Jioni ile nilipima kundi kama kawaida, nikaliandika kwenye daftari jipya, kwa kuwa la zamani lilikuwa limejaa. La zamani sikulifungua.

Miezi ilipita. Dakta Rehema akaja na gari kutoka Dar bila kutoa taarifa, akanivuta pembeni.

"Mama Zuhura, yule mkwezi wako wa Miteja. Namba yake imeshuka. Imeshuka mno, kama ya mtu asiye na ugonjwa. Nimerudia kupima kichupa cha pili, ni vile vile. Anakula nini huyu mzee?"

Tukaanza kuhesabu: samaki, muhogo, ming'oko ya kuchimba porini. Akauliza kama kule wanachemsha mbegu za upupu, maana ndani yake, alisema, mna dawa ile ile iliyomo kwenye vidonge. Upupu! Ule ule unaotuwasha mashambani tukautukana. Lakini hata huo, alisema, unatuliza mkono tu, haujulikani kuzuia nyuzi zisikatike. Alikuwa anatembea huku na huku. "Ama nimekosea mahali, ama kuna kitu hapa cha ajabu. Nitachunguza. Usimwambie mtu, hasa yeye."

Nilishindwa. Kwa miaka yote nilikuwa nawapelekea watu habari za minyoo, na sasa nilikuwa na muujiza kifuani. Kesho yake nikapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi.

"Shikamoo Mzee Saidi."

"Marahaba, nesi. Kwema huko?"

"Kwema sana. Sitakiwi kusema, lakini damu ya mwaka huu imekuja nzuri kuliko ya kwanza. Ugonjwa ni kama umesimama."

Nikamsikia anashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi damu imenijibu." Akaniombea dua mimi, wanangu na wazazi wangu waliotangulia. Nilikata simu nikiwa na furaha ya mjinga.

Siku ya tatu Dakta Rehema alinipigia akiomba kila nilichonacho kuhusu mgonjwa yule: uzito, vidonge, hata lile kundi la damu. "Ninalo!" nikasema kwa majivuno, nikaenda kwenye rafu, nikafungua madaftari yote mawili. La mwaka wa kwanza: Saidi Mbonde, kundi O. La mwaka wa pili: Saidi Mbonde, kundi B.

Nilizitazama zile herufi mpaka zikaanza kucheza. Mwandiko ni wangu, wino ni wangu, na yote mawili yamekaa rafu moja, bega kwa bega, miezi yote hiyo. Mashine ya Dar, yenye uwezo wa kuona kipande cha uzi kilichopotea kwenye damu ya mtu mzima, haikuwa na habari. Kigae cha Bwana Mchopa kilikuwa kimeshasema, mimi ndiye sikusikiliza. Nilimchoma nani Somanga? Kabla sijapata jibu, likanijia lile neno la simuni, "damu imenijibu," na nikakumbuka swali lake lilikuwa lipi: atashuka lini mnazini.

Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Dereva wetu wa pikipiki ya sampuli alikuwa anakunywa chai. Nilimwinua na kikombe mkononi. Tukapita Nangurukuru, tukavuka mto Matandu. Nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua, na mimi ninazozijua ni chache, nikawa nazirudia.

Nyumbani kwa Mzee Saidi nilikuta watu wamesimama uwanjani kimya, wote wanatazama juu. Alikuwa karibu na kilele cha mnazi, ameukumbatia. Mkewe aliniambia kwa kunong'ona kwamba alimeza kidonge asubuhi, akahisi yuko imara, akavaa kamba yake, akakwea kama kijana. Kufika juu, dawa ikaisha nguvu. Mkono ukaanza kutetemeka, miguu ikagoma. Haendi juu wala harudi.

Mtu mmoja alikuwa ameshavua shati na kuanza kupanda. Alikuwa Abdala, mdogo wake, mkulima wa ufuta, ambaye kwa maelezo ya shemeji yake hajawahi kukwea kitu kirefu kuliko kitanda. Alipanda vibaya, kwa magoti na kifua, akijichuna. Alipofika chini ya kaka yake akaweka bega chini ya unyayo wake.

"Kaka, nipe mguu. Huo wa kushoto. Nikisema moja unaushusha, nikisema mbili unaushusha wa pili. Haya. Moja."

Mguu haukutoka.

"Moja, kaka. Mimi nipo hapa. Moja."

Ukatoka. Wakashuka hivyo, moja, mbili, moja, mbili, na uwanja mzima ukawa unahesabu nao kwa sauti ya chini. Dakta Rehema alinieleza baadaye kwamba kuhesabu kunaweza kuifungua miguu iliyogoma. Abdala hakufundishwa na mtu. Walipogusa ardhi, mkewe Mzee Saidi alikaa chini pale pale na khanga yake usoni. Abdala alikuwa anahema, damu inamtoka kifuani, mikono ameinyoosha magotini. Nikauona mkono wake wa kushoto. Nikakijua kile kiwiko.

"Abdala," nikamwambia, "Somanga ulikuja wewe."

"Ni mimi, dada," akasema, wala hakuona aibu, kwa nini aone? "Wiki ile kaka alikuwa hawezi hata kuvaa kanzu. Na kadi mmeandika asikose. Nikasema mimi si nipo? Kaka naye akakubali, damu yetu ni moja: tumbo moja, baba mmoja. Si nyie wenyewe mnaosema ndugu waje watoe?"

"Ile haikuwa damu ya kumtilia mtu, Abdala. Ilikuwa ya kumpima yeye."

"Kwa hiyo haikumwingia?"

"Haikumwingia."

"Mimi nilijua mmeipeleka Dar mkamtengenezea dawa. Kaka aliponiambia imekuja nzuri, nikasema moyoni, imemsaidia. Leo anakwea, mimi niko hapa chini nafurahi."

Vijana wangu, nililia. Mtu mzima, kitambulisho shingoni, nimekaa mchangani. Niliwaambia ukweli wote: kwamba aliyemfundisha Abdala ni mimi, kwa kupiga kelele mlangoni mwa wodi miaka nenda rudi, kwamba nilitazama kadi badala ya mtu, na kwamba maneno yaliyompandisha kaka yake mnazini niliyasema mimi, niliyekatazwa kuyasema. Mke wa Mzee Saidi akaniletea maji.

Mzee Saidi alikuwa ameegemea ukuta, mkono unahesabu tasbihi yake. "Basi damu yangu mimi haijanijibu," akasema.

Sikuthubutu kuvunja kanuni mara ya pili, na sikuthubutu kumwacha na uongo. Nilimpigia Dakta Rehema pale pale, nikamweleza yote bila kujitetea, nikamwomba azungumze naye mwenyewe. Akasema, "Mpe simu, mama." Walizungumza muda mrefu. Mzee Saidi alikuwa anasema tu, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Nimeelewa." Dakta alimwambia kipimo cha kweli kilikuwa juu, kwamba siyo hukumu, lakini kama ni yeye angekaa chini. Mzee alipomaliza alinirudishia simu, akafungua kamba ya miguuni, akampa mkewe. "Ifungie mbuzi," akasema.

Niliandika taarifa ya kosa, kurasa mbili, jina langu juu. Dakta Rehema hakunigombeza, jambo lililonitesa zaidi. Aliifuta ile namba ya ajabu, na akaagiza kundi la damu lipimwe vituo vyote vya utafiti wake, kwa kigae. Wiki ile ile nilimchukua damu Mzee Saidi mwenyewe. Ilikuja juu zaidi ya mwaka wa kwanza.

Na ikawa hivyo. Katika mwaka uliofuata hatua zake zilifupika, sauti ikashuka, akaanza kuanguka uani. Kila habari iliyonifikia kutoka Miteja nilikwenda kusimama mbele ya friza ile na kuitazama. Kichupa chake cha kwanza kilikuwa mle ndani kimeganda. Kilikuwa kimeyabeba yote haya tangu siku ambayo mzee bado alikuwa anabishana na mimi. Nimeona mengi kwenye darubini, lakini hofu ile, na ule mshangao, sikuwahi kuupata mahali pengine ila msikitini.

Walikuja kwa damu ya mwaka wa tatu nikiwa nimebakiza wiki chache kustaafu. Abdala alikuwa amemshika kaka yake kiunoni. Mzee Saidi alikataa tumfuate nyumbani. Alisema yeye ndiye mwenye damu, ataileta mwenyewe. Nilimkalisha, nikafunga mpira. Mkono ulikuwa unaruka kiasi kwamba mshipa nilikuwa nauona na kuupoteza. Nilijaribu mto, nikajaribu kumwekea mkono mezani, wapi.

Abdala akapiga magoti, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, juu na chini ya kiwiko, akaukandamiza kwenye paja lake. Nikaingiza sindano. Damu ikaja taratibu, nzuri, bila hasira.

"Fanya haraka, nesi," alisema Mzee Saidi kwa ile sauti yake iliyobaki ndogo, na ingawa uso haukucheka, nilijua anacheka. "Huyu atadondoka kabla yangu. Tangu utoto akiona sindano anazimia. Siku ya chanjo shuleni alikimbia, tukamkuta Mitole kwa shangazi."

Nikamtazama Abdala. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, jasho linamtiririka, macho ameyafumba kwa nguvu.

"Na Somanga je?" nikamuuliza.

"Somanga nilikuwa peke yangu, dada," akasema bila kufumbua macho. "Hakukuwa na wa kunishika nikizimia."

Tyubu ilijaa, nikaweka ya pili, ikajaa. Mikono yake haikutikisika mpaka nilipochomoa sindano.